Mkwe Aliyesimama Langoni

Mautuma,
4 Machi 2024

Kwa binti yangu Abigail,

Pokea salamu za mama yako, aliye mzima isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeanza kubishana na mlima wa kanisa. Wewe je, unakula? Mgongo bado unakuuma? Usiniambie ni kitanda cha hosteli. Mimi najua ni nini, na nimekuwa nikingoja tangu ulipozaliwa.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu ilianguka ndani ya ndoo ya maziwa ikafa hapo hapo. Ya Maximilla wa duka ningeweza kuazima, lakini yeye anawekanga sauti kubwa, na watu waliokuja kununua unga wanachangia mazungumzo. Basi tuandikiane. Dereva wa lori la kabichi ni mtu wa kanisa letu, hafungui barua ya mtu.

Jumapili nilisimamishwa tena kushuhudia. Nilivaa kanzu yangu nyeupe, ile ya msalaba wa kijani, nikawaambia yote. Kwamba nilikaa na baba yako marehemu Were miaka mingi, watu wakitazama tumbo langu kama shamba lisilochipua. Kwamba mgeni alikuja mchana, kanzu yake nyeupe kuliko zetu, akaomba maji, akanywa, akarudisha kikombe kikiwa bado kimejaa. Kwamba aliniwekea mkono hapa tumboni akasema, "Utazaa, na utakayemzaa atakuwa na mabawa." Halafu nikamalizia: "Na leo mtoto huyo yuko Kakamega anasomea udaktari wa damu." Walipiga ngoma mpaka mzee mmoja akadondosha fimbo.

Najua utasema si udaktari, ni maabara. Kwa watu wa hapa damu ni damu.

Pasaka uje. Kama hayo mabawa yameanza kutoka, uje nayo. Nimeshawaambia akina mama wakae mbele.

Nimekutumia ndizi, maharagwe na kuku mmoja aliyekaushwa. Usimpe Shantel wa chumba chenu yote, ana mdomo huyo.

Ni mimi mama yako,
Muhonja


Kakamega,
15 Machi 2024

Kwa mama mpendwa,

Habari ya huko? Pole kwa goti, na pole kwa simu. Mimi ni mzima. Kuku alifika salama na Shantel anasema asante. Alikula paja moja tu, ingawa alilitazama la pili kwa muda mrefu.

Mama, ulikuwa unasema kweli. Nakuomba msamaha, kwa sababu tangu shule ya msingi, wenzangu waliponiambia "Malaika, ruka tukuone," nilikuwa nikikukasirikia wewe, si wao. Wiki jana nikioga Shantel aliniona mgongo akanyamaza, na unajua Shantel hanyamazi. Yametoka. Ni madogo, rangi ya maziwa, nikiyakunja yanaingia chini ya koti la maabara. Sijaruka. Nina joto tu mwilini, kama mtu aliyekaa karibu na jiko.

Lakini si hilo nililotaka kukuambia.

Nimepata mtu. Anaitwa Bramwel. Tulikuwa tumepiga hema karibu na soko, sisi wanafunzi tukisaidia kuchangisha damu. Mvua ya mawe ilikuwa imeanza na giza limeingia mapema, wengine wanakunja meza. Akasimama nje ya hema akilowa. Nikamwambia, "Karibu, ingia, mbona unanyeshewa?" Ndipo akaingia, akavua kofia, akakunja mkono wa shati. Nikamchoma kidole. Hakuna kitu. Nikamchoma kingine. Nikacheka nikamuuliza, "Ndugu, wewe umekuja kuchangia nini?"

Akasema, "Samahani. Huwa nakuja kuangalia kama imerudi."

Mama, hakusema kwa mzaha. Alisema kama mtu anayeulizia barua yake posta.

Nitakuambia wazi, kwa sababu wewe hukunificha habari ya malaika. Bramwel ni mmoja wa wale ambao nyanya alikuwa akiwaita mumiani. Anaishi kwa damu. Si ya watu. Anafanya kazi machinjioni kabla jua halijatoka, wanampa ya ng'ombe, wanadhani anafuga mbwa. Alikuwa na miaka ishirini alipong'atwa, huko huko kwetu Lugari, wakati mashamba yalikuwa ya wazungu, na mpaka leo ana ishirini. Kiswahili chake ni cha wazee. Akitaka kuondoka anasema, "Nipe ruhusa."

Nampenda, mama. Barua hii usiisome mbele ya Maximilla.

Binti yako,
Abigail


Mautuma,
22 Machi 2024

Kwa Abigail,

Goti ni lile lile. Hali yako sitaiuliza kwa sababu umeniambia.

Nilisoma barua yako mara ya kwanza nikakaa chini. Mara ya pili nikaipeleka karibu na moto, nikaitoa tena. Mabawa yenyewe nimeyashangilia, mwanangu. Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka ng'ombe akaacha kula. Halafu nikafika kwa huyo mtu wako.

Watoto wa wenzangu wanaletanga nyumbani walevi. Wengine wanaleta mwanamume ambaye ana bibi mwingine Navakholo na hajasema. Hayo tunayajua, yana dawa. Wewe uliyewekewa mkono na malaika unaniletea mnyonya damu. Mimi nitasimama wapi kanisani? Nimekusifu pale mbele tangu ukiwa na meno mawili.

Nyanya yako alituambia mumiani anapendeza, anaongea vizuri, anavua kofia. Ndiyo kazi yake. Angekuwa anatisha nani angemsogelea?

Achana naye. Pasaka uje peke yako na hayo mabawa.

Mama yako,
Muhonja


Kakamega,
9 Aprili 2024

Kwa mama,

Natumaini u mzima na mvua imekuja kwa wakati wake. Najua siku ya Pasaka ulikaa ukitazama mlango. Samahani. Sikuweza kuja kuonyeshwa kama fahali wa maonyesho ya kilimo.

Naandika jambo moja tu. Jumamosi nilitoka na Bramwel mchana. Nasema mchana, mama. Tumegundua kwamba nikimfunika kwa bawa jua halimuunguzi. Tulikwenda nyuma ya nyumba za walimu, ambako watu hawapiti. Nilidhani atataka kuona msitu, au milima kule mbali. Alitaka kuona nguo zilizoanikwa. Tukakaa kwenye nyasi tukitazama shuka za watu tusiowajua zikikauka. Alisema alikuwa amesahau kwamba nyeupe inaumiza macho. Alisema mama yake alikuwa akifua siku ya Ijumaa. Nilimshika mkono. Ni wa baridi, lakini ulikuwa unapata joto polepole, kama kikombe.

Tuliporudi manyoya yangu ya nchani yalikuwa yameungua. Yaliyoungua yanaanguka na hayaoti mengine. Bramwel alipoyaona chini akayaokota moja moja, akasema hatutoki tena mchana. Mimi nikasema tutatoka. Ni mabawa yangu.

Ujibu usijibu, mimi bado ni
binti yako,
Abigail


Mautuma,
3 Juni 2024

Kwa Abigail wangu,

Umekaa bila barua yangu na mimi nimekaa bila yako, na hakuna aliyenenepa. Naanza mimi kwa sababu ndimi mkubwa. U mzima? Na mgongo?

Nitakuambia kilichonigeuza. Chepng'etich, binti ya jirani yetu Chemutai, amejifungua. Nikaenda kumwona na unga wa uji. Nikamkuta baba yake, Kipngetich, amefunga fahali kamba ya shingo, akamtoboa mshipa kwa mshale mdogo, damu ikaingia kwenye kibuyu. Akafungua kamba, damu ikakata, fahali akarudi kwenye nyasi zake kama aliyenyolewa. Wakachanganya na maziwa wakampa mzazi, rangi ikamrudia usoni. Mimi niko pale na chai yangu nawaza. Hawa tumepakana nao miaka yote. Baba yako alipofariki ndio waliolala na mimi nyumbani, Chemutai kushoto, binti yake kulia. Kunywa damu na kunywa mtu si jambo moja.

Tena nimewaza juu ya zile shuka. Nimewaza sana.

Lakini sasa twende kwa utaratibu. Ukoo wake ni upi? Sitaki kuja kusikia ni ndugu ya baba yako. Ana mzee wa kumsemea? Mtu haji kuposa kwangu peke yake kama muuza sufuria. Mimi nimeshaanza kunenepesha ingokho wawili, kuku wa kumpokelea mkwe. Baba yako mdogo Philip ndiye atakayepokea wageni. Mimi, kama unavyojua, sitaonekana. Mkwe wangu hataniona uso, hatanishika mkono, wala hatasikia sauti yangu siku hiyo. Hawa akina mama wa siku hizi wanapiga picha na wakwe wamekumbatiana mabega, mimi nawatazamanga tu. Huyo Bramwel nataka ajue ameoa kwa watu.

Kuhusu kanisa, nitaona nitasema nini.

Mama yako anayekupenda,
Muhonja


Kakamega,
12 Juni 2024

Kwa mama yangu,

Nilisoma barua yako nikalia, Shantel naye akalia bila kujua sababu. Asante. Mimi ni mzima, ila joto linanipanda na kushuka.

Ukoo wake si wa baba wala wa kwenu, nimeuliza mpaka kwa babu za babu zake. Wazazi wake walikufa, dada yake pia. Aliyebaki ni mtoto wa huyo dada, mzee Patroba, amepita miaka themanini na meno hana. Yeye ndiye atakayemsemea. Anamwita Bramwel "mjomba," kwa sababu ni mjomba wake kweli. Mwambie baba Philip asicheke.

Watakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, jua likizama, kwa gari la kukodi. Mimi nina mtihani wa maabara Jumatatu yake, sitaweza kuwapo. Bramwel aliapa hatarudi Lugari maisha, kwa sababu ndiko alikong'atwa. Nikamwambia basi tuandike barua. Akasema, "Mke haombwi kwa karatasi, binti."

Jambo moja, mama, na ulishike. Yeye hawezi kuingia nyumba ya mtu mpaka mwenye nyumba amkaribishe. Ndivyo alivyo. Tafadhali asikose kukaribishwa.

Mabawa usiulize. Bado tunatoka mchana.

Binti yako,
Abigail


Mautuma,
1 Julai 2024

Kwa Abigail,

Sina moyo wa salamu, lakini nakusalimu kwa sababu nililelewa.

Nimeaibika mbele ya watu. Nilichinja ingokho wote wawili. Nilisonga obusuma, ugali wa wimbi. Philip alivaa koti alilooa nalo. Mimi nikajifungia jikoni na leso kichwani, ninachungulia kwenye ufa. Wakafika. Mzee Patroba akaingia ameshikwa mkono. Kijana akasimama langoni, mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, kofia mkononi. Nikasema moyoni, Abigail ana macho.

Philip akatoka. "Karibu, mkwe wetu, karibu ndani." Kijana akainamisha kichwa na hakusogea. Philip akarudia kwa sauti ya mkutano. Hakusogea. Nikamtuma Maximilla na kiti. "Karibu, baba, chakula kinapoa." Akasema, "Asante, mama," akabaki pale pale na kiti kando yake. Philip akamuuliza, "Ama lango letu ni fupi kwako?" Watu wakacheka. Akajibu, "Hapana, mzee. Lango ni zuri. Nawaheshimu sana." Na asiingie.

Yule mzee alikula mapaja yote, akatusifia ukoo, na kila akimeza anaita, "Mjomba, njoo." Philip alininong'oneza kwenye ufa kwamba mzee akili imeshamtoka.

Gari likaondoka na mzee. Kijana akabaki nje ya ua amesimama kama mtu aliyekuja kudai. Sikutoka. Asubuhi nilipofungua hayupo.

Uliniandikia kwamba haingii bila kukaribishwa. Nikasema, huyo ana adabu, nimempata mkwe. Sasa amekaribishwa na mwanamume, amekaribishwa na mwanamke, amekaribishwa na kiti. Alitaka nani, chifu? Maximilla ameshaeneza kwamba mkwe wa Muhonja aliona mabati yenye kutu akaikataa nyumba. Mwambie hivi: kama nyumba yangu haimtoshi, na binti yangu hamtoshi.

Mama yako


Kakamega,
3 Julai 2024

Mama,

Naandika nimelala. Shantel mwenyewe ndiye anayekuletea, mpe chai. Nilipiga simu ya Maximilla nikasikia ameweka sauti kubwa na watu wamejaa dukani, nikakata.

Bramwel hajarudi. Mzee Patroba anasema alimbembeleza apande gari akakataa, akasema hawezi kuupa mgongo mji wa mke wake kabla hajapokewa. Tangu siku ile, mama. Hana damu, hana mahali pa kujificha, na mimi siko karibu kumfunika.

Hakukudharau. Baba Philip si mwenye nyumba. Maximilla si mwenye nyumba. Tangu baba afariki mji ule ni wako wewe. Watu wote wa Mautuma wakisema karibu, miguu yake hainyanyuki mpaka mdomo wako useme. Ni kama mimi kuambiwa nipite kwenye ukuta. Na yeye asingeweza kukuita. Alizaliwa zamani kuliko wewe. Kwake yeye mama mkwe haitwi langoni, hata kama ni kufa.

Nilitaka kuruka nije. Nilipanda juu ya tangi la maji la hosteli nikafungua mabawa, hayakunishika. Nilianguka kwenye kamba za nguo, sikuvunjika. Yaliyobaki mgongoni hayawezi kuinua kifaranga, na homa imenikaza, siwezi kusimama.

Sikuombi umpende. Mtafute. Mwambie neno moja tu.

Abigail


Mautuma,
6 Julai 2024

Kwa mwanangu Abigail,

Kabla ya salamu: yuko hai. Sasa salamu. Homa imeshuka? Kunywa uji hata kama hutaki.

Nilisoma barua yako Shantel akiwa bado anavua viatu. Nilitoka na leso begani, sikufunga hata mlango. Nilijiuliza, mtu asiyeweza kuingia pa wenyewe ataingia wapi? Hapa kwetu pasipo na mwenyewe ni mahali pamoja tu, lile josho la zamani la mzungu, la kuogeshea ng'ombe, ambalo serikali inasema ni la kanisa na kanisa linasema ni la serikali.

Chumba cha pampu hakina mlango lakini kina giza. Nilifika nje yake nikageuza mgongo, nikavuta leso mpaka usoni, kwa sababu mkwe ni mkwe hata akiwa shimoni.

Nikauliza, "Kuna mtu humo?"

"Yuko, mama. Usigeuke. Nimechafuka."

"Nani amekuambia mimi nageukanga?"

Nikamuuliza mbona siku ile hakusema.

"Ningesemaje, mama? Niwatume wazee wakamlete mama mkwe langoni anitazame? Afadhali jua."

"Na mimi ningetokaje? Ningekuwa mwanamke wa namna gani?"

"Ndiyo. Nilisikia harufu ya kuku nikajua umenipokea. Nikajua uko jikoni. Nilikuwa nangoja, labda utasema ukiwa humo humo ndani."

Abigail, hilo sikulifikiria. Ningeweza kupaza sauti. Sauti ninayo, hata wewe unailalamikia. Siku moja sauti hiyo iliyokuwa na kazi, ndiyo siku niliyoifungia jikoni nikaona hiyo ndiyo heshima.

Jua lilikuwa kali. Yeye hawezi kutoka na mimi siwezi kuingia. Nikakaa kwenye ukuta wa josho, mgongo kwake, tukangoja lipungue. Akaniambia habari za mahali pale. Yeye alikuwa mtu wa kusukuma ndama ndani ya dawa. Mgeni wa yule mzungu mwenye shamba alimwomba jioni moja amwonyeshe njia, na hakwenda nyumbani kwao tena. "Miaka yote hii nimepakimbia hapa," akasema, "na jua lilipochomoza juzi miguu ikanileta yenyewe."

Nikamuuliza njaa yake ni ya namna gani. Akasema, "Tafadhali, mama, sogea upande ule. Upepo unaleta harufu yako." Hapo ndipo nilipojua kweli ni mumiani, na hapo hapo nikajua hatanigusa. Nikasogea.

Nikamuuliza juu ya mabawa yako. Akasema, "Nilimkataza." Nikamwambia, "Mimi nimemzaa. Najua kumkataza kunafikanga wapi." Akacheka, halafu akakohoa sana.

"Hayataota tena, mama," akasema. "Atakuwa mtu tu. Atazeeka, na mimi nitakuwa namtazama akizeeka. Umfikirie kabla hujasema neno lolote kwangu. Bado unaweza kurudi nyumbani ukaniacha hapa."

Nilifikiria, sitakudanganya. Nilifikiria ile kanzu nyeupe na kile kikombe. Nilifikiria akina mama waliokaa mbele siku ya Pasaka. Mgeni yule aliniambia utakuwa na mabawa. Hakuniambia ni ya nini, na mimi sikuuliza. Nilidhani ni ya watu kuyaona.

Nikamwambia, "Mimi pia nilimtazama mtu akizeeka, akalala, akafa mkononi mwangu. Were akirudi leo na shida zake zote nitamchukua tena. Sasa nyamaza, jua linashuka."

Lilipofika nyuma ya miti nilitangulia. Yeye akafuata kwa mbali, kama inavyotakiwa, anashika ua wa watu asianguke. Langoni kwangu nikamkuta Maximilla amekuja kuazima ungo, na Philip amekuja kuona Maximilla ameazima nini. Nikapita katikati yao, nikaingia uani, nikasimama mgongo kwa lango. Nikasema kwa sauti yote niliyo nayo, "Bramwel, mkwe wangu. Mimi Muhonja, mwenye mji huu, nasema karibu. Ingia."

Nikasikia kiatu kimoja. Halafu cha pili.

Philip akasema, "Shemeji, umemsemesha mkwe?"

"Nimemsemesha."

"Kwa mdomo wako?"

"Ulitaka nimsemeshe kwa wa nani? Wako ulishindwa."

Kipngetich alituletea damu ya fahali bila kuuliza mengi. Nilimwambia nina mgonjwa, akasema mgonjwa hahojiwi. Bramwel alikunywa nyuma ya zizi ambako hatuoni, akakiosha kibuyu mwenyewe. Sasa yuko ndani ya nyumba, nimemtundikia blanketi dirishani. Mimi nimehamia jikoni na godoro langu, kwa sababu mama mkwe na mkwe hawalali paa moja, na mwiko mmoja niliovunja unanitosha mwaka huu. Usiku anaongea na Shantel kupitia mlangoni anataka ahadithiwe habari zako, hata ulivyoshinda ukipika chai bila majani. Shantel amechoka. Anasema Bramwel anauliza kama mtoto.

Jana nilikwenda dukani. Watu walikuwa wengi, wengine wa kanisa letu. Maximilla akaniuliza mbele yao wote, "Na yule malaika wako wa Kakamega, mabawa yamefikia wapi?" Wakaningoja, kwa sababu wananijua. Abigail, nilikuwa na habari ambayo hakuna mama katika Lugari nzima amewahi kuwa nayo. Mtoto wangu alipewa mabawa, akayamaliza kumfunikia mtu jua ili aone nguo zikikauka. Ilikuwa hapa, kwenye ulimi. Na kama ningeisema, kesho vijana wangekuja na mapanga langoni kutafuta mumiani, na keshokutwa wangekuja hosteli kukufunua mgongo.

Nikasema, "Yuko mzima. Alikuwa na homa, inapungua."

Maximilla akangoja kidogo, akadhani kuna nyingine inakuja. Nikanunua chumvi nikaenda zangu.

Shantel anataka kuliwahi lori. Barua hii usiijibu. Ukiweza kusimama, panda gari uje, na mgongo sitauuliza. Mimi nitakuwa jikoni, kelele zangu utazisikia.

Ni mimi mama yako,
Muhonja